Majimbo Katika Nchi ya Chai: KADU, Nyufa Zake na Maisha ya Neno Moja

Utangulizi

Wahenga walisema jina jema hung'ara gizani. Neno "majimbo" halikupata bahati hiyo nchini Kenya. Lilizaliwa kama istilahi ya kawaida ya utawala, likawa kauli mbiu ya chama cha siasa, likaandikwa katika katiba, likafutwa, kisha likafufuliwa kwa sura iliyowatia watu hofu. Wakenya walipopata katiba ya kugawa madaraka mwaka 2010, wengi waliona heri kutumia neno jingine kabisa.

Makala haya yanafafanua historia ya chama kilicholibeba neno hilo, yaani Kenya African Democratic Union (KADU), pamoja na migawanyiko iliyokitafuna kutoka ndani. Mtazamo unaelekezwa hasa katika nchi ya chai ya Kericho na Bomet, ambako siasa ya majimbo ilipata watetezi wa mwanzo na ambako matokeo yake yaligusa maisha ya watu moja kwa moja.

Jimbo ni nini?

Maana ya "jimbo" hutegemea mahali linapotamkwa. Nchini Tanzania, jimbo ni eneo linalomchagua mbunge, ingawa wakati wa ukoloni liliitaja sehemu kubwa ya utawala ambayo baadaye iliitwa mkoa. Katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, jimbo lingali sehemu kubwa ya utawala. Nchini Kenya, eneo la mbunge huitwa eneo bunge, na neno "majimbo" katika wingi wake likapata maana ya pekee: mfumo wa serikali ambamo kila sehemu ya nchi ina bunge lake na mamlaka yake, yasiyoweza kunyakuliwa kwa urahisi na serikali kuu. Maana hiyo ilienea kiasi kwamba hata waandishi wa Kiingereza walilichukua neno hilo lilivyo.

Kuzaliwa kwa KADU

Katikati ya mwaka 1960, viongozi wa vyama vidogo walikutana Ngong na kuunda KADU. Chama cha KANU kilikuwa kimekwisha kuundwa muda mfupi kabla, kikiegemea zaidi jamii mbili kubwa, Wakikuyu na Wajaluo. Waliounda KADU waliogopa kumezwa. Ronald Ngala alitoka Pwani, Masinde Muliro alitoka kwa Waluhya, Daniel arap Moi na Taaitta Toweett walitoka katika muungano wa Wakalenjin, na Wamaasai nao walikuwa na chama chao kilichojiunga. Ngala akawa kiongozi, Muliro makamu wake, na Moi mwenyekiti.

Toweett anastahili kutajwa kwa namna ya pekee. Alikuwa Mkipsigis wa Kericho, na mbali na siasa alikuwa mwanaisimu aliyechunguza lugha ya Kikalenjin hadi kupata shahada ya uzamifu katika Chuo Kikuu cha Nairobi. Mwaka 1976, mkutano mkuu wa UNESCO ulipofanyika Nairobi, ndiye aliyechaguliwa kuuongoza. Alifariki mwaka 2007. Katika mwaka 1961 sauti yake ilikuwa miongoni mwa za kwanza kudai majimbo waziwazi.

Uchaguzi wa Februari 1961 uliipa KANU viti 19 na KADU viti 11. Hata hivyo, KANU ilikataa kuunda serikali kabla ya Jomo Kenyatta kufunguliwa. KADU ikakubali, ikisaidiwa na wanasiasa wa walowezi wa kundi la Michael Blundell, na Ngala akawa kiongozi wa shughuli za serikali. Hapo ndipo doa la kwanza lilipoingia. Wapinzani walidai kwamba majimbo ni hila ya walowezi ya kulinda mashamba yao. Madai hayo yalikuwa na chembe ya ukweli, kwa kuwa walowezi walisaidia kuunda mpango huo. Lakini yalificha hofu ya kweli ya jamii ndogo, ambayo haikuhitaji mlowezi yeyote kuifundisha.

Hofu ya nchi ya chai

Katika Kericho hofu hiyo ilikuwa na umbo la ardhi. Tangu miaka ya 1920, makampuni ya Brooke Bond na James Finlay yalikuwa yamefungua mashamba makubwa ya chai katika ardhi ambayo Wakipsigis waliihesabu kuwa yao. Ukoo wa Talai uliondolewa na kupelekwa Gwassi katika miaka ya 1930. Wachumaji chai wengi waliletwa kutoka sehemu nyingine: Wajaluo, Wakisii na Waluhya. Swali lililoulizwa vijijini lilikuwa jepesi: Mzungu akiondoka, ardhi itarudi kwa nani? KADU ilijibu kwamba itaamuliwa na jimbo. Jibu hilo lilivutia kuliko hotuba yoyote kuhusu nadharia ya shirikisho.

Ikumbukwe pia kwamba wilaya ya Kericho ilikuwa sehemu ya Mkoa wa Nyanza wakati wa ukoloni. Tume ya mipaka ya majimbo ilipofanya kazi yake mwaka 1962, Wakipsigis walitaka kuwa pamoja na Wakalenjin wenzao, na Kericho ikahamishiwa Bonde la Ufa. Kwa hiyo ramani ambayo wengi huiona kuwa ya asili ni zao la mjadala huo wa majimbo.

Katiba iliyotokana na mazungumzo ya Lancaster House ilianza kufanya kazi mwaka 1963. Ilikuwa na majimbo saba pamoja na eneo la Nairobi, kila jimbo likiwa na bunge na rais wake. Baraza la Seneti lilikuwa na wajumbe 41, mmoja kwa kila wilaya na Nairobi. Moi akawa rais wa jimbo la Bonde la Ufa.

Nyufa za ndani

Kwa nini basi chama kilichofanikiwa kuandikisha sera yake katika katiba kilikufa mwaka uliofuata uhuru? Jibu la kawaida ni kwamba KANU ilikivunja. Jibu hilo ni nusu ya ukweli. Kikulacho ki nguoni mwako, na KADU ilikuwa na nyufa tatu zake yenyewe.

Ufa wa kwanza ulikuwa wa maslahi. Wanachama waliunganishwa na woga mmoja, lakini kila mmoja alitaka kitu tofauti. Pwani ilihofia kutawaliwa na watu wa bara. Wakalenjin na Wamaasai walitaka ardhi ya walowezi iliyokuwa katikati yao. Waluhya, ambao ardhi yao ilikuwa imejaa watu, walihitaji mahali pa kuhamia. Madai mawili ya mwisho yalikutana Kitale. Wafuasi wa Muliro walitaka mji huo uwe katika jimbo la Magharibi. Wafuasi wa Moi walitaka ubaki Bonde la Ufa, na ndivyo ilivyokuwa. Chama kilichohubiri kwamba kila jamii itawale kwake hakikuwa na jibu pale jamii zake mbili zilipodai mahali pamoja.

Ufa wa pili ulikuwa wa mbinu. Uchaguzi wa Mei 1963 uliipa KANU ushindi, na katika mkutano wa London wa Septemba na Oktoba mwaka huo serikali ya Uingereza ilikubali baadhi ya mabadiliko yaliyopunguza nguvu za majimbo. Baadhi ya viongozi wa KADU walitishia kujitenga na kuigawa nchi. Wengine waliona kwamba vitisho hivyo vitaleta umwagaji damu bila faida. Chama kilisema kwa ndimi mbili, na asiyeaminika na wafuasi wala wapinzani hana nguvu ya kujadiliana.

Ufa wa tatu ulikuwa wa fedha na vyeo. Majimbo yalitegemea serikali kuu kwa fedha, na serikali hiyo haikuwa na haraka ya kuyakabidhi madaraka. Mbunge wa upinzani hakuwa na barabara wala shule ya kuwaonyesha wapiga kura. Mmoja baada ya mwingine wakavuka upande wa pili. Tarehe 10 Novemba 1964 Ngala alitangaza bungeni kwamba KADU imejivunja na kujiunga na KANU. Mwezi uliofuata Kenya ikawa jamhuri, na Moi akawa waziri wa mambo ya ndani. Seneti nayo iliondolewa mwishoni mwa mwaka 1966.

Neno linarudi likiwa na damu

Mwaka 1991, madai ya vyama vingi yalipopamba moto, baadhi ya wanasiasa wa KANU walifufua kilio cha majimbo katika mikutano ya hadhara. Mmoja ulifanyika Kapsabet na mwingine Kapkatet, katika nchi ya chai, Septemba mwaka huo. Safari hii hapakuwa na rasimu ya katiba wala hoja kuhusu mabunge ya majimbo. Majimbo yalielezwa kana kwamba maana yake ni kila mtu kurudi kwao. Mwezi uliofuata mapigano yalianza katika shamba la Meteitei, Nandi, na kuenea hadi Kericho. Kamati ya bunge iliyoongozwa na Kennedy Kiliku mwaka 1992, na baadaye tume ya Jaji Akiwumi, zilichunguza ghasia hizo na uhusiano wake na siasa.

Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, ghasia zilirudi. Wafanyakazi wa mashamba ya chai ya Kericho walishambuliwa na wengi wakakimbia. Neno jingine la Kiswahili, "madoadoa", lilitumiwa kuwataja watu waliohesabiwa kuwa wageni. Mwaka 2022 Tume ya Taifa ya Uwiano na Utangamano ililiweka katika orodha ya maneno ya chuki. Mwanafunzi wa semantiki hapaswi kulipuuza jambo hili: neno lisilo na hatia katika kamusi laweza kumfukuza mtu nyumbani kwake.

Kutoka majimbo hadi ugatuzi

Katiba ya mwaka 2010 iliunda kaunti 47, Kericho na Bomet zikiwamo. Istilahi iliyopendelewa ilikuwa "ugatuzi", kutokana na kitenzi "gatua", yaani kuyaondoa madaraka makao makuu na kuyapeleka chini. Kwa muda, baadhi ya vyombo vya habari viliita kaunti "gatuzi". Jambo la kushangaza ni kwamba Moi, mwenyekiti wa zamani wa KADU, aliipinga katiba hiyo, na wengi wa wapiga kura wa Bonde la Ufa waliikataa.

Hata hivyo, mtetezi mkali wa kaunti alitoka Bomet. Isaac Ruto, gavana wa kwanza wa kaunti hiyo na mwenyekiti wa kwanza wa Baraza la Magavana, aliongoza mwaka 2014 kampeni ya Pesa Mashinani. Katiba inazipa kaunti angalau asilimia 15 ya mapato ya taifa. Yeye alidai asilimia 45. Baadaye alianzisha Chama cha Mashinani na kujiunga na muungano wa upinzani, NASA. Mwaka 2017 alishindwa na Joyce Laboso wa Jubilee, na kabla ya uchaguzi wa marudio wa Oktoba akaiunga mkono Jubilee. Kufikia mwaka 2022 chama chake kilikuwa ndani ya Kenya Kwanza. Njia hiyo ilikwisha kukanyagwa na KADU: sera ya kugawa madaraka hutetewa nje ya serikali, na mtetezi huvutwa ndani na serikali hiyohiyo.

Hitimisho

Tofauti kati ya KADU na ugatuzi wa leo haimo katika neno tu. Majimbo ya 1963 yalichorwa kwa kufuata makabila na kuahidi ardhi. Kaunti zimepewa afya, kilimo na barabara za mashinani, ilhali kila Mkenya ana haki ya kuishi popote. Swali la ardhi ya chai, hata hivyo, halijafungwa. Mwaka 2022 Wakipsigis na Watalai walipeleka malalamiko yao dhidi ya Uingereza katika Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya.

Kwa wanafunzi wa Kiswahili, funzo ni kwamba kubadilisha istilahi si kubadilisha hali. "Ugatuzi" ni neno safi kwa sababu bado ni jipya. Litabaki safi iwapo mchumaji chai aliyetoka Kisii na mkulima Mkipsigis wa Bureti wataweza kulitamka pamoja, kila mmoja akilielewa kuwa haki yake na si tishio kwa mwenzake.