Chombo cha wote, lakini kazi yake ni ipi?

Mfanyabiashara wa mpakani anajua kwamba mizani ya kupimia mahindi haipimi dhahabu, ingawa zote huitwa mizani. Anayezichanganya hupata hasara siku hiyohiyo. Ndiyo maana mtu akikukabidhi chombo bure, usiishie kufurahia ubure wake. Muulize kwanza kimetengenezwa kwa kazi gani.

Nayasema haya kwa sababu ya zile programu za kompyuta zinazoitwa programu huria. Hizi ni programu ambazo waliozitengeneza hawakuzifungia sandukuni. Kila mtu ana ruhusa ya kuzitumia kwa kazi yoyote, kuzifungua na kusoma jinsi zilivyoundwa, kuwagawia wenzake na kuzirekebisha zimfae. Ni kama mpishi anayekupa pilau pamoja na maelezo ya namna ya kuipika. Mchele mmoja, mapishi mbalimbali. Kwa ruhusa ya namna hiyo, mwaka 2004 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na wenzao waliichukua programu ya kazi za ofisi iitwayo OpenOffice, wakaitafsiri kwa Kiswahili na kuiita Jambo OpenOffice.

Lakini uhuru huo una mtego wake. Chombo kinachoweza kutumika kwa kazi yoyote hakikuambii kazi yako ni ipi. Hilo ni lazima lisemwe na watu. Na wahenga walishatuonya kuwa nahodha wengi, chombo huenda mrama.

Jumuiya zilizodumu katika fani hii zililiona jambo hilo mapema. Mwaka 1993 Ian Murdock alianzisha Debian, mfumo wa kuendeshea kompyuta unaotengenezwa na watu wanaojitolea kutoka nchi nyingi. Mwaka 1997 jumuiya hiyo iliandika waraka mfupi na kuuita Mkataba wa Kijamii. Humo waliahidi kwamba mfumo wao utabaki huru, kwamba hawataficha kasoro zake, na kwamba watumiaji pamoja na programu huria ndio watakaotangulizwa. Tangu hapo, mgeni anayejiunga nao hana haja ya kukisia. Anasoma mkataba, anajua amekuja kufanya nini, na akiona mambo yanakwenda kombo ana mahali pa kuonyesha kidole.

Huko ni mbali. Hebu tuje hapa kwetu, kwenye barabara ya Mombasa, Nairobi, Eldoret hadi Malaba, ambayo wengi wetu tunaitegemea kwa unga, mafuta na nguo.

Uchaguzi mkuu wa Kenya ulifanyika Desemba 27, 2007. Matokeo ya urais yalipotangazwa siku tatu baadaye, ghasia zililipuka na Serikali ikapiga marufuku matangazo ya moja kwa moja ya redio na televisheni. Hadi mapatano ya Februari 28, 2008 yaliyosimamiwa na Kofi Annan, zaidi ya watu 1,100 walikuwa wamepoteza maisha na mamia kwa maelfu walikuwa wamekimbia makwao. Maelfu walivuka na kuingia Uganda. Reli iling'olewa Kibera, malori yakakwama, na mafuta yakaadimika Uganda, Rwanda, Burundi na mashariki ya Kongo.

Ni katika siku hizo za giza ndipo mwanasheria wa Kenya, Ory Okolloh, aliyekuwa akiandika habari za siasa kwenye intaneti, alipotoa wito kwa mafundi wa kompyuta wasaidie kutengeneza ramani ya kuonyesha mahali ghasia zinapotokea. Erik Hersman, Juliana Rotich na David Kobia ni miongoni mwa waliojitokeza. Katika siku chache za Januari 2008 kazi ilikuwa tayari. Mwananchi aliweza kutuma taarifa kwa intaneti au kwa ujumbe mfupi wa simu, nayo ikawekwa kwenye ramani. Waliipa jina la Kiswahili: Ushahidi.

Jina hilo lenyewe lilikuwa tamko la kazi. Ushahidi ni neno la mahakama na la baraza la wazee. Shahidi husema alichokiona ili kisije kikakanushwa kesho. Hofu iliyokuwapo ilikuwa kwamba vifo vingi vingepita bila kuandikwa popote, na kwamba baada ya miezi michache wakubwa wangeambizana hakuna kilichotokea. Ramani ile ilikuwa daftari la kumbukumbu.

Sasa, mwezi ule mimi nilikuwa Malaba, upande wa Uganda, nikifuatilia habari za malori. Swali nililolisikia kila siku kwa madereva na wachuuzi halikuwa la kumbukumbu. Waliuliza, "Barabara ya Eldoret inapitika?" Na waliokuwa wamevuka na watoto na magodoro waliuliza swali la tatu: "Kule kwetu kumetulia, turudi?"

Mtazame vizuri watu hawa watatu, msomaji, kwa sababu hapo ndipo penye kiini cha jambo. Mwanasheria anataka kumbukumbu. Dereva anataka hali ya njia. Mkimbizi anataka kujua usalama wa kijiji chake. Wote wanaweza kuitazama ramani moja, lakini wanaitaka ifanye kazi tatu tofauti.

Kwa mwanasheria, taarifa ya wiki tatu zilizopita ni mali, na haifai kufutwa kamwe. Kwa dereva, taarifa ya jana asubuhi inaweza kumpeleka kwenye kizuizi cha vijana wenye mapanga. Mwanasheria yuko tayari kusubiri taarifa ithibitishwe na watu wawili au watatu. Dereva hawezi kusubiri, kwani nyanya zinaoza. Naye mkimbizi hapati jibu hata kidogo, kwa sababu kijiji kisicho na alama kwenye ramani huenda kimetulia, au huenda hakuna aliyebaki huko wa kutuma ujumbe. Kimya cha ramani si amani.

Kwa hiyo kutaja kazi ya chombo si maneno ya kupamba ukurasa wa kwanza. Ndiko kunakoamua nani athibitishe taarifa, kwa muda gani, nini kifutwe, nini kitunzwe, na jina la nani lifichwe.

Baadaye mwaka huohuo 2008 waanzilishi walikabiliwa na swali kubwa zaidi. Ghasia za Kenya zilikuwa zimekwisha. Je, kazi yao nayo imekwisha? Waliamua kuiandika upya programu ile na kuitoa iwe huria, ili mtu yeyote popote atengeneze ramani yake. Novemba 2008 ilikuwa tayari ikijaribiwa mashariki ya Kongo, wakati mapigano ya Kivu Kaskazini yakiwavusha watu kwa maelfu kuingia Uganda. Hapo maana ilibadilika. Ushahidi haikuwa tena daftari moja la Kenya, bali karatasi tupu ambayo kila jumuiya ingeandika juu yake. Na anayechukua karatasi tupu hubeba wajibu wa kusema anaandika nini.

Tetemeko lilipoipiga Haiti Januari 12, 2010, programu hiyo ilitumika kukusanya ujumbe wa watu waliofukiwa, waliokosa maji na waliojeruhiwa. Kazi ilikuwa kuokoa, si kutunza kumbukumbu. Kwa sababu hiyo programu peke yake isingetosha. Walihitajika Wahaiti waishio ng'ambo kutafsiri ujumbe wa Kikrioli, wanafunzi Marekani kutafuta mitaa kwenye ramani, na waokoaji waliokuwa Haiti kuupokea. Mwaka huohuo, katika kura ya maoni ya katiba ya Kenya ya Agosti 4, ilitumika kwa jina la Uchaguzi kufuatilia upigaji kura. Programu ni ileile, lakini kila mahali ilibidi itanguliwe na makubaliano juu ya kazi yake na juu ya nani yuko upande wa pili kupokea.

Wapo watakaosema kuwa kuandika madhumuni ni kufunga mikono, kwamba kazi njema hukua yenyewe. Sikubaliani nao kabisa, ingawa wana hoja kidogo. Kusudi linaweza kubadilishwa, kama Ushahidi ilivyobadilika mwaka 2008. Kibaya ni kubadilika bila kuwaambia watu. Mama aliyetuma ujumbe akidhani ni wa waokoaji, kumbe umeingia kwenye daftari la watafiti, amedanganywa hata kama hakuna aliyekusudia kumdanganya. Naye shahidi aliyetaja jina lake akidhani anaiambia mahakama, kumbe linasomwa na jirani aliyemchomea nyumba, anaweza kulipa kwa maisha yake.

Siku hizi vijana wetu wengi wanajua kompyuta, na vyama vya wachuuzi wa mpakani na vikundi vya waliorejea kutoka ukimbizini hutembelewa mara kwa mara na watu wenye programu za bure. Moja ni ya bei za sokoni, nyingine ni ya kutafuta ndugu waliopotea, nyingine ni ya kuripoti rushwa njiani. Msiwafukuze, maana vipo vitu vyema humo. Lakini kabla ya kutoa namba yenu ya simu, waombeni waandike sentensi moja, kwa lugha mnayoielewa, inayosema chombo hiki kinafanya nini na kwa ajili ya nani. Kisha waandike nyingine inayosema hakifanyi nini.

Halafu waulizeni mambo manne. Nani anathibitisha taarifa kabla haijasomwa na wengine? Namba yangu na jina langu vitaonekana kwa nani? Nikiomba msaada, kuna mtu wa kuja, au ninaandikwa tu? Na siku mkiondoka, taarifa zetu zitabaki mikononi mwa nani?

Wakiyajibu yote manne, kaeni nao mfanye kazi. Wakianza kuzungukazunguka, waambieni warudi siku watakapokuwa wamekubaliana wenyewe kwa wenyewe.