Je, Wajua? Maji na Mchanga Havisafiri Pamoja

Wengi wakiona maji mekundu yakipita kwa kasi Bagara, hapa mjini Babati, siku ya mvua kubwa husema udongo huo umekwenda zake baharini. Hauendi. Maji ya pande hizi za Bonde la Ufa hayana njia ya kutokea baharini: Mto Bubu unaishia kwenye kinamasi cha Bahi, Tarangire unamwaga maji yake Ziwa Burunge, na mito mingine ya jirani inaishia Ziwa Manyara. Maji yakifika huko, jua huyapandisha hewani. Udongo haupandi. Unabaki hapohapo, tabaka juu ya tabaka.

Na wala haufiki wote siku moja na maji. Chota maji ya korongo wakati mvua bado inanyesha, jaza chupa angavu, iweke dirishani. Kabla hujamaliza kufunga kizibo, mchanga umeshatua. Mfinyanzi laini utaning'inia hadi kesho, pengine keshokutwa. Mtoni mambo ni yaleyale: mfinyanzi unakwenda na maji, mchanga unarukaruka chini, na mawe hubingirika siku za mafuriko tu. Maji yanaweza kutoka mlimani hadi bondeni kwa saa chache. Mchanga unachukua miaka, hata miongo, maana kila mteremko unapolegea hushuka kama abiria wa daladala, ukangoja mafuriko mengine yaupakie.

Kondoa, jirani zetu wa kusini, ni shule ya jambo hili. Mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, HADO, ulianza mwaka 1973, na mwaka 1979 mifugo ikaondolewa katika eneo lililochakaa kupita kiasi, kilomita za mraba zipatazo 1,256. Miteremko ikaota nyasi na vichaka. Lakini mchanga ulioteremka enzi za mababu ulikuwa umeshalala mabondeni, na kufunga malisho mlimani hakuuondoi. Anayepima kazi ya namna hiyo kwa kutazama mto peke yake atawaonea bure waliopanda miti.

Halafu si kila udongo unaong'oka shambani unafika mtoni. Ukikuta tuta la fanya juu, mstari wa majani ya tembo au mbuga yenye matete, unatulia. Kinachoufikisha mtoni ni njia: ng'ombe wanaopita palepale kila siku kwenda kunywa, mtaro wa barabara, kalavati linalokusanya maji ya kilima kizima na kuyamwaga shambani kwa mtu mmoja. Misimu michache tu, pale chini ya kalavati pana shimo. Shimo linarefuka kuwa korongo. Korongo likigusa mto, kilima kimeunganishwa na ziwa. Watafiti waliochunguza mashapo ya Ziwa Manyara, wakachapisha matokeo mwaka 2020, waliona kuwa fungu kubwa linaletwa na mto mmoja, Makuyuni, ambao bonde lake limechanwachanwa na makorongo. Kwa hiyo fedha kidogo ikienda kwenye makorongo machache yaliyofika mtoni inafaa kuliko sherehe za kupanda miche kila mahali.

Ipo siku kanuni ya mchanga kuchelewa huvunjika. Tarehe 3 Desemba 2023 sehemu ya Mlima Hanang' ilimeguka, na maji, tope, mawe na magogo vikashuka pamoja hadi Katesh. Watu zaidi ya 80 walipoteza maisha.

Sisi wa mjini tuna vituko vyetu. Mitaro inazibuliwa, tope linarundikwa ukingoni likiwa limechanganyika na chupa za plastiki, gari la kulizoa halitokei, na mvua inayofuata inalirudisha lilikotoka. Kazi moja, malipo mara mbili. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kibinadamu za kudumu, au zinazoweza kudhuru hifadhi ya kingo, ndani ya mita 60 kutoka mto au ziwa, lakini mahindi yanaota hadi majini. Ziwa Babati lina kina kifupi. Mwaka 1990 lilipanda hadi likaingia mjini. Kila tope linaloingia humo linachukua nafasi ya maji.

Hata hivyo, mchanga una faida zake: kujengea, kufyatulia matofali, visima vya kiangazi katika mito iliyokauka (tembo wa Tarangire nao huchimba), bustani za mboga kando ya mito. Kitui, Kenya, watu hujenga kuta za zege katikati ya mito ya msimu, mchanga ukajaa nyuma yake na kuhifadhi maji yasikaushwe na jua. Ila mto uwe wa mchanga wa chembe kubwa. Nyuma ya ukuta pakijaa mfinyanzi, maji hayatoki.