"Mourning" kwa Kiswahili: Matanga ya Pwani na Matanga ya Mlimani

Neno la Kiingereza "mourning" hubeba majonzi ya moyoni, desturi za kuyaonyesha na muda unaotengwa kwa desturi hizo. Hata nguo nyeusi za mfiwa huitwa hivyo. Kiswahili kimeyagawa mambo hayo. Huzuni ni ya moyoni, kilio na maombolezo ni ya sauti, matanga na eda ni ya muda. Eda ya mjane wa Kiislamu ina hesabu yake: miezi 4 na siku 10.

Tatizo limo katika matanga. Huko Pwani Waislamu humzika maiti mapema, aghalabu siku ile ile, ndipo watu wakae matanga, kwa kawaida siku 3, kisha yaondolewe. Matanga, basi, hufuata maziko. Lakini kwa msemaji wa Kangari, kwenye vilima vya chai vya Murang'a, au wa Nyeri, maiti huweza kuhifadhiwa hospitalini juma zima au zaidi, na kila jioni majirani hukusanyika kwa wafiwa kusali na kuchanga fedha za jeneza, gari na deni la matibabu. Hayo ndiyo matanga yake, nayo hukoma kwa maziko. Mfanyakazi wa Kangari akimwomba mwajiri wa Mombasa ruhusa ya matanga, huenda akapewa siku zinazoanza baada ya kaburi kufukiwa, hali kila mmoja amesema Kiswahili cha kwao.

Hatuoni sababu ya kuwalaumu watu wa bara. Wagikuyu wa kale hawakumzika kila mtu; wengi waliachwa msituni, na kugusa maiti kulileta thahu, yaani unajisi. Maziko ya wote yalienea pamoja na misheni na utawala wa kikoloni, na neno la Pwani likapata kazi mpya.

Mwai Kibaki alipofariki Aprili 2022, serikali ilitangaza maombolezo ya kitaifa, bendera zikapepea nusu mlingoti hadi alipozikwa Othaya tarehe 30. Hapo neno la sauti limefanywa neno la muda, na kwa haki: dola haikai matanga.

Kwa karatasi za kazini tungependelea "ruhusa ya kufiwa". Kitenzi kufa, kikitiwa kauli ya kutendewa, humtaja aliyepatwa bila kugusa siku. Na Mgikuyu hakioni kigeni, kwani lugha yake ina gũkuĩrwo, lililoundwa vivyo hivyo.