Mtoto Awe Mwenyeji Shuleni

Mtoto anayeingia darasa la kwanza mwezi wa Januari, amevaa sare iliyomzidi kimo na kukumbatia mkoba asiojua pa kuuweka, huwa amewaacha nyumbani wote wamjuao kwa jina. Na lau hapana wa kumpokea, ugeni ule waweza kukaa naye miaka mingi pasipo mwalimu wala mzazi kuutambua, maana mtoto mgeni aghalabu hanung'uniki, bali hunyamaza.

Huko Tanzania, Waraka wa Elimu Namba 5 wa 2015 ulifuta ada katika shule za serikali mpaka kidato cha nne, na tangu Januari 2016 watoto waliokuwa wamezuiliwa na ufukara wa wazee wao wakamiminika madarasani. Ilikuwa insafu kubwa. Lakini darasa ambalo kwa kanuni halipasi kuzidi watoto 45 likawa, mahali pengi, limepita mia, na katika halaiki hiyo ni rahisi mno mtoto kuhudhuria kila siku asijulikane na mtu.

Wataalamu wamelishughulikia kwa dhati jambo hili la mwanafunzi kujiona mwenyeji au mgeni shuleni. Mwaka 1993 Carol Goodenow wa Marekani alitunga maswali 18 ya kulipimia, na muradi wake mkubwa ni kujua kama mwanafunzi anaona kwamba anakubaliwa, anastahiwa na kuthaminiwa na wenziwe na walimu wake. Mwaka 2011 Gregory Walton na Geoffrey Cohen walieleza jinsi walivyowapa wanafunzi wa mwaka wa kwanza wa chuo kikuu zoezi la muda wa saa moja hivi, la kuwaonyesha kwamba shaka ya ugeni humpata kila mtu kisha ikaondoka. Na wanafunzi weusi waliolifanya walipata alama bora kuliko weusi wenzao wasiolifanya, kwa muda wa miaka mitatu. Ikiwa vijana wazima hunufaika kwa machache hivyo, seuze mtoto wa miaka sita!

Mtazame mtoto aliyelelewa kwa Kisukuma, anayeulizwa kwa Kiswahili, akajibu kwa maneno ya mama yake, na darasa zima likaangua kicheko. Mwalimu aliyezoea kuingia asubuhi na kuwaamkia wanafunzi kwa Kisukuma, "Mwangaluka," kabla ya kuanza somo amekwisha kukizuia kicheko hicho kabla hakijazuka. Vivyo hivyo zamu: kupiga kengele, kufuta ubao, kugawa madaftari, kumwagilia miche. Mara nyingi kazi hizi huangukia wale wale hodari, ilhali anayezihitaji zaidi ni yule wa dawati la nyuma, ambaye siku akikosekana hapana atakayemuulizia.

Na katika yote yamfukuzayo mtoto shuleni, sioni lililo baya kuliko kusimamishwa kadamnasi mstarini kwa sababu ya mchango usiolipwa au viatu vilivyotoboka. Deni ni la mzazi, na aitwe mzazi, kwa faragha na kwa staha.

Nawe mzazi, mwanao arudipo adhuhuri usikomee kumuuliza amepata ngapi. Muulize amekaa na nani na amecheza na nani. Na zikipita siku kadhaa asiwe na jina la kukutajia, nenda hima ukamwone mwalimu wake.