Polisi wa rulaje si mwamuzi: haki yako ya kusikilizwa mbele ya kulipa

Ni asubui ku barabara ya Kolwezi. Baba Ilunga anatoka mu kariere na moto yake. Ilunga ni jina la mufano tu, lakini mu Kapata na mu Kasulo kila mutu anajua baba wa namna hiyo. Moto aliinunua na feza ya miezi mingi ya kuchimba. Muchana mutoto wake wa kwanza anafanya nayo kazi ya manseba, na mangaribi ile kazi inaleta unga ku nyumba.

Filimbi inalia. Polisi wa rulaje anatosha funguo ya moto.

– Papa, ulipita motokari mahali panakatazwa.

– Shefu, ile kamyo ilikuwa na panne. Ilikuwa imesimama. Ningepita wapi?

– Minasema ulipita. Sasa tunafanya namna gani?

«Tunafanya namna gani?» Njia yote toka Lubumbashi, Likasi mupaka Kolwezi, shofere na manseba wote wanajua maana ya ile neno. Mutu anaingiza mukono mu mufuko, funguo inarudi, mambo inaisha. Na hakuna mutu aliyeuliza kama kamyo ilikuwa na panne kweli.

Tatizo iko pale. Polisi mumoja ndiye aliyeona, ndiye anayeshitaki, ndiye anayekata bei, na ndiye anayepokea. Mu kariere, hakuna creuseur anayekubali hivyo. Ukileta mifuko yako ku depo, unataka kuona mizani na macho yako, unataka kuona Metorex inaandika teneur ngapi. Kama negosian anapima peke yake nyuma ya ukuta, unajua tayari umeibiwa. Haki ya kusikilizwa ni kama ile mizani: inawekwa mahali wote wawili wanaona.

Sheria inasema nini

Katiba ya inchi yetu, ya tarehe 18 mwezi wa pili 2006, haikutenga makosa ya barabarani. Artikle 17 inasema mutu anayeshitakiwa anahesabiwa kuwa hana kosa, mupaka hukumu ya mwisho ihakikishe kosa lake. Artikle ile ile inasema kila mutu anajibu kwa tendo lake mwenyewe. Kama manseba alikimbia, hawawezi kufunga bibi yake ao mwenye moto pa nafasi yake.

Artikle 18 inasema mutu anayekamatwa lazima aambiwe palepale sababu ya kukamatwa, mu luga anayoelewa. Kiswahili ni moja ya luga ine za taifa, pamoja na kikongo, lingala na tshiluba. Usione haya kusema: «Sielewi kifaransa, munielezee.» Ukiwekwa ku kasho ya polisi, una haki ya kujulisha jamaa ao avoka mara moja. Na hawawezi kukuweka pale kupita saa 48. Kisha ile saa, wakuache ao wakupeleke mbele ya wakubwa wa sheria.

Artikle 19 inasema kila mutu ana haki kesi yake isikiwe na mwamuzi anayehusika, bila kukawia ovyo. Unaweza kujitetea mwenyewe ao kusaidiwa na mutu uliyemuchagua. Artikle 20 na 21 zinaongeza kwamba kesi inasikiwa mbele ya watu wote, na hukumu inaandikwa pamoja na sababu zake.

Code de la route, sheria ya tarehe 30 mwezi wa munane 1978, inaonyesha makosa ni gani na malipizi ni gani. Haifanye polisi kuwa mwamuzi. Makosa ya kawaida ya barabarani inasikiwa ku tribunal de paix, tribinali ile inayohukumu makosa ambayo kifungo chake hakipite miaka 5.

Amende na «kitu kidogo» haviko sawa

Wengi wanazania kuko njia mbili tu: kutoa franga ku barabara ao kufungwa. Kuko njia ya tatu, na ni ya sheria. Inaitwa amende transactionnelle. Ushike ile jina mu kifaransa, juu ndilo jina utakalotaja mbele ya meza yao.

Iko hivi: officier de police judiciaire, ule tunaita OPJ, akiona kama tribinali ingekukata amende tu, anaweza kukuomba ulipe feza fulani. Ile feza inaenda mu Trésor, ni kusema mu sanduku ya Leta, na haiwezi kupita amende kubwa kabisa ambayo sheria inaweka kwa lile kosa. Ukilipa, kesi inaisha, isipokuwa parquet ikiamua kuendelea nayo. Na sheria inasema wazi: kulipa si kukubali kosa.

Lakini ni kuombwa, haulazimishwi. Ukiona haukukosa, una haki ya kusema hapana, uache kesi iende mbele. Ukikubali, ulipe ku malipo ya Leta na urudi na karatasi yako. Feza isiyokuwa na karatasi haikuingia mu Trésor.

Na moto, itabakia wapi?

Tuseme ukweli. Mutu anayesema hapana anaweza kupoteza siku. Moto ikibakia ku parking ya polisi, mangaribi hakuna unga. Ndiyo sababu wengi wanalipa hata bila kosa. Hatuwezi kumucheka baba anayefanya hesabu hiyo.

Lakini hesabu iko na upande mwingine. Feza inayoenda mu mufuko haiandikwe fasi yoyote. Kesho polisi mwingine anaweza kukukamata tena kwa jambo lile lile, na hauna kitu cha kumuonyesha. Tena, kuko wenye makosa ya kweli. Kamyo ya mashaba yenye haina frein ikipita kwa franga kidogo, frein haikutengenezwa. Inaendelea na njia ile ile ambayo watoto wetu wanapitia kuenda ku masomo. Kusikiliza kesi kunasaidia asiyekosa, na kunazuia mwenye kosa asijifiche nyuma ya noti.

Ufanye nini ukikamatwa

Ubakie na eshima. Kelele na matusi vinaleta kosa la pili, na lile litakuwa la kweli. Uulize kosa ni gani, mu Kiswahili. Utafute mutu aliyeona, ushike jina na numero yake ya simu palepale, kesho utamukosa. Kama simu iko karibu, upige picha ya kamyo, ya alama ya barabara, ya fasi moto ilisimama.

Wakiandika procès-verbal, uombe maneno yako iandikwe pia. Usitie sinyatire mbele hawajakusomea yote na kukuelezea. Kama maneno si yako, useme.

Ukihukumiwa ku tribunal de paix na hukumu si ya haki, uhesabu siku 10. Ndani ya zile siku unaweza kukata rufaa ku tribunal de grande instance. Kama walikuhukumu bila wewe kuwa pale, siku 10 za kufanya opposition zinaanza wakati wanakupatia hukumu mu mikono.

Mambo haya usiyabebe peke yako. Siku moto itakamatwa, mara mingi ni mama wa nyumba ndiye atakayekimbia ku polisi. Kama anajua saa 48, atajua saa gani ya kuuliza. Kama anajua jina la OPJ na la amende transactionnelle, hawatamudanganya mepesi.

Na Baba Ilunga, pale ku barabara? Anaweza kujibu bila kupandisha sauti: «Shefu, tunafanya vile sheria inasema. Uandike. Na ile kamyo ya panne, uiandike pia.»