Sindano ya Kwanza Aina Hii, ya Pili Aina Ile

Habari ya safu hii ya nchi jirani inatoka Kenya, nayo ilianza na shehena iliyokwama.

Tarehe 3 Machi 2021 Kenya ilipokea dozi zaidi ya milioni moja za chanjo ya korona ya AstraZeneca, iliyotengenezwa India na kuletwa kwa mpango wa COVAX. Waliotangulia kuchanjwa ni waganga, wauguzi, walimu na askari, kisha watu wa miaka 58 na zaidi. Kila mmoja aliambiwa arudi baada ya wiki nane kwa sindano ya pili.

Ahadi hiyo haikutimia. Ugonjwa ulipamba moto huko India, na serikali yake ikazuia chanjo kusafirishwa nje. Kenya ikasogeza sindano ya pili hadi wiki 12. Watu wakabaki na kadi mkononi wakingoja. Kufikia Septemba 2021 aina nyingine zilikuwa zimeingia: Moderna, Johnson & Johnson na Pfizer. Ndipo swali likaulizwa kila mahali: mtu aliyechomwa AstraZeneca, akipewa aina nyingine atadhurika?

Sisi Tanzania swali hilo halikutubana mwanzoni, kwa sababu chanjo tuliyoanza nayo Julai 2021 ilikuwa Johnson & Johnson, ya sindano moja tu.

WALIMU WAWILI, SOMO MOJA

Jibu lilikwisha kutafutwa kwingine. Ulaya ilionekana kwamba AstraZeneca, kwa watu wachache sana, ilileta kuganda kwa damu. Ujerumani na Kanada zikawaruhusu waliokwisha kuanza nayo wamalizie na Pfizer au Moderna. Bibi Angela Merkel, aliyekuwa Chansela wa Ujerumani, alichomwa AstraZeneca mwezi Aprili 2021 na Moderna mwezi Juni.

Huko Uingereza, Chuo Kikuu cha Oxford kilifanya majaribio kwa watu wa miaka 50 na zaidi. Ilionekana kwamba waliopewa AstraZeneca kwanza na Pfizer baadaye walipata kinga kubwa zaidi mwilini kuliko waliopewa AstraZeneca mara mbili. Sababu si ya ajabu. Chanjo hizi ni walimu wawili wenye somo moja. AstraZeneca hubeba somo ndani ya kirusi kilichodhoofishwa, Pfizer hulibeba ndani ya tone dogo la mafuta. Lakini zote huufundisha mwili kuutambua mwiba ule ule wa kirusi cha korona. Juni 2021 Shirika la Afya Duniani lilikubali Pfizer itolewe baada ya AstraZeneca pale AstraZeneca inapokosekana, na Desemba mwaka huo likatoa mwongozo kamili wa kuchanganya.

NANI ALIPE SIKU YA HOMA?

Lakini liko jambo linalomhusu mfanyakazi moja kwa moja. Katika majaribio hayo, kati ya watu 100 waliochanganyiwa AstraZeneca na Pfizer, 34 walisikia homa baada ya sindano ya pili. Kwa waliopewa AstraZeneca mara mbili walikuwa 10. Homa hiyo ilipita upesi. Hata hivyo watafiti wenyewe walionya kwamba kuchanganya kunaweza kuongeza idadi ya watu wasiofika kazini kesho yake.

Kwa mtu wa ofisini, kesho yake ni kulala nyumbani. Kwa mchuma chai anayelipwa kwa kilo, kesho yake ni kapu tupu. Sheria ya Ajira ya Kenya ya mwaka 2007 inampa mfanyakazi, baada ya miezi miwili kazini, siku saba za ugonjwa kwa mshahara kamili na saba nyingine kwa nusu mshahara kila mwaka, mradi alete cheti cha mganga. Kibarua wa kutwa hana ngao hiyo. Basi akiikwepa sindano tusikimbilie kumwita mjinga. Huenda amepiga hesabu ya unga wa watoto.

TUSHIKE NINI?

Hatari ya dharura ilitangazwa kuisha Mei 2023, na AstraZeneca yenyewe ikaondolewa sokoni mwaka 2024. Mafunzo yamebaki.

Kwanza, tunza kadi yako ya chanjo. Jina la chanjo na tarehe ndiyo yatakayomwongoza mganga siku aina yako itakapokosekana. Mwulize yeye, usiulize uvumi wa kijiweni.

Pili, kila tawi lidai katika mkataba wa hali bora siku ya kuchanjwa na siku ya kufuata zilipwe, vibarua wakiwemo.

Tatu, tukumbuke kisa cha shehena. Anayengoja chanjo ya mwenzake hungoja mpaka mwenzake apone.