Kuongoza na Kufuata katika Maisha ya Kila Siku (2): Kazi ya Mwenye Kufuata

Katika sehemu ya kwanza ya makala haya tulimtazama mwenye kuongoza, tukataja sifa ambazo hapana budi awe nazo, yaani elimu ya jambo analoliongoza, subira na uadilifu. Na leo twamgeukia mwenzake, mwenye kufuata, ambaye aghalabu husahauliwa, kana kwamba kufuata ni kukosa kazi, na kana kwamba wale wanaosimama safu ya nyuma hawana la zaidi ila kungoja amri. Fikira hiyo si sahihi, na madhara yake ni makubwa kuliko yanavyodhaniwa, kwani kila mmoja wetu, hata mwenye cheo kikubwa, hufuata mara nyingi zaidi kuliko anavyoongoza, na asiyejua namna ya kufuata huharibu sehemu kubwa ya maisha yake mwenyewe na ya wenziwe.

Watu hupenda kuulizana, na hasa vijana wanaotafuta kazi huulizwa sana siku hizi, je, fulani ni mtu wa kuongoza au ni mtu wa kufuata? Swali hili huulizwa kana kwamba Mwenyezi Mungu aliwaumba wanadamu makundi mawili, hawa wazaliwe mbele na wale wazaliwe nyuma, wala asiwepo wa kuvuka kutoka upande mmoja kwenda wa pili. Anayeamini hivyo na aende akatazame jiko la arusi katika mji wowote wa mwambao, asubuhi ya siku ya karamu, wakati masufuria makubwa yameshatelekwa juu ya mafiga na moshi umetanda uani. Mwenye kuamrisha pale ni mpishi, ambaye huenda hana nyumba wala shamba, na wanaomtii ni mke wa tajiri, na mwalimu wa skuli, na karani wa serikali, wote wameketi juu ya mbuzi zao wakikuna nazi au wamejiinamia wakimenya vitunguu, machozi yakiwatoka. Akisema kuni zipunguzwe, hupunguzwa. Akisema pilau ifunikwe na makaa yapaliwe juu ya kifuniko, hapana athubutuye kufunua mpaka yeye mwenyewe anene kuwa imeiva. Lakini wakati wa kupakua na kugawa ukifika, na sinia zikaanza kupangwa, mpishi yule hujitenga akakaa kitako akajipepea, maana sasa jambo lililobaki ni kujua nani ni nani, ukoo gani hutangulizwa na mgeni yupi ametoka mbali, na elimu hiyo iko kwa shangazi wa bwana arusi. Basi shangazi huamrisha, na mpishi hufuata kama wengine. Hapana aliyepiga kura, wala hapana aliyetangaza kuwa uongozi umehama. Umehama kwa sababu jambo lenyewe limebadilika, na kila aliyepo amelitambua hilo bila ya kuambiwa.

Alhasili, kuongoza na kufuata si tabaka mbili za watu, bali ni kazi mbili ambazo mtu mmoja huzifanya zote katika siku moja. Na kwa kuwa ni kazi, kila moja ina kanuni zake. Za kuongoza zimeandikwa sana. Za kufuata sijapata kuziona zimepangwa kwa uangalifu na ulamaa mahali popote kuliko katika mlango wa sala ya jamaa, nami naomba radhi ya wasomaji wangu wasiokuwa Waislamu nikikaa hapo kwa kitambo, maana faida yake ni ya watu wote.

Katika sala ya jamaa imamu husimama mbele na maamuma husimama nyuma yake, na sharti ya kwanza ya maamuma ni kutia nia ya kumfuata, yaani hafuati kwa kusukumwa wala kwa mazoea, bali kwa hiari ya moyo wake aliyoidhihirisha tangu mwanzo. Akishaingia humo, si ruhusa kumtangulia imamu katika rukuu wala katika sujudi. Na katika madhehebu ya Imamu Shafii, ambayo ndiyo yaliyoenea mwambao wetu, mwenye kumtangulia imamu wake kwa nguzo mbili za vitendo, kwa makusudi na hali anajua, sala yake hubatilika, na mwenye kuchelewa nyuma yake kwa kadiri hiyo bila ya udhuru, naye kadhalika. Mtu akiishia hapa atasema kuwa maamuma ni kivuli tu cha imamu. Walakini ulamaa hawakuishia hapa.

Imamu akisahau, kwa mfano akainuka pale alipopaswa kukaa, maamuma wa kiume humzindua kwa kusema Subhanallah, na wa kike kwa kupiga kofi; na akikwama katika kisomo, aliye nyuma humfungulia kwa kumtajia aya aliyoisahau, mradi asimrukie ilhali yeye angali akijaribu kuikumbuka, bali amngoje mpaka anyamaze. Tazameni adabu iliyomo katika shuruti hii ndogo! Kumkumbusha mkubwa ni jambo linalotakiwa, lakini limewekewa wakati wake na namna yake, ili asiaibike wala asichanganyikiwe, na ili wafuasi nao wasigeuze sala kuwa mashindano ya kujionyesha kisomo. Na lau imamu atasimama kwa rakaa ya tano kwa kusahau, naye asizinduke, maamuma mwenye yakini kuwa ni ya tano haruhusiwi kumfuata katika kosa lile. Imempasa ama akae amngoje mpaka arejee, ama atie nia ya mufaraka, yaani ajitenge naye akaimalize sala yake peke yake. Hapo ndipo ulipo mpaka wa kufuata. Aliyekatazwa kutangulia hata kwa kuinua kichwa chake kabla ya imamu, ndiye huyo huyo aliyekatazwa kumwandama imamu katika jambo analolijua kwa yakini kuwa si sawa, wala udhuru wa kusema kwamba wote waliinuka naye akainuka haumfai kitu.

Yako mengine mawili yanayostahiki kutajwa. La kwanza ni kwamba mwenye nyumba, na imamu aliyewekwa rasmi msikitini, ana haki ya kusalisha kuliko mgeni aliyekuja, hata mgeni akiwa amemzidi kwa elimu, isipokuwa mwenyewe akimpa nafasi hiyo. Nasi twaona mara kwa mara shehe mkubwa ametoka safari akasimama safu ya kwanza nyuma ya kijana aliyekuwa mwanafunzi wake, na heshima yake isipungue hata chembe. La pili ni kwamba watu waliohimizwa kusimama karibu na imamu ni wenye akili na fahamu, kwa kuwa wao ndio wa kumkumbusha akisahau, na pindi udhu wake ukitenguka naye akalazimika kutoka, mmoja wao husogea mbele akaikamilisha sala pale ilipokomea. Kwa hiyo aliye nyuma ya imamu yampasa awe tayari wakati wowote kuwa imamu. Asiyefuata kwa akili macho hawezi kufanya hivyo, maana atafikishwa mbele asijue ni rakaa ya ngapi.

Kutoka msikitini na tushuke pwani, kwa kuwa bahari nayo ina ushahidi wake. Watu wa vyombo wameambiwa tangu kale kuwa manahodha wengi chombo huenda mrama, na neno hilo hutumiwa sana kuwanyamazisha watu. Lakini nahodha mwema, afikapo bandari asiyoijua miamba yake, humpa rubani wa pale mamlaka ya njia, akasikiliza. Vasco da Gama alipofika Malindi katika mwezi wa Aprili 1498, yeye na merikebu zake na mizinga yake, hakuijua njia ya kuvuka bahari ya Hindi; alipewa rubani na mfalme wa Malindi, wakaondoka na pepo za kusi zilizoanza kuvuma, na kabla mwezi wa Mei haujaisha walikuwa wamekwisha kutia nanga karibu na Calicut, safari isiyotimia hata mwezi mmoja. Wakati wa kurejea mambo yalikuwa mengine. Aliondoka Calicut mwishoni mwa Agosti mwaka huo huo, kabla pepo za kaskazi hazijashika zamu yake, jambo ambalo mtoto wa baharia yeyote wa pande hizi angalimwambia kuwa si la busara. Bahari ikamtulilia, upepo ukamkabili usoni, kule kuvuka bahari peke yake kukamchukua karibu miezi mitatu, na hakuuona mwambao wa Afrika mpaka Januari 1499. Mabaharia wake wengi walikufa kwa kiseyeye, na waliosalia hawakutosha kuendesha merikebu zote, hata moja, São Rafael, ikachomwa moto. Amiri alikuwa yule yule. Kilichobadilika ni kwamba safari ya kwanza alikubali kumfuata mwenye kujua pepo, na ya pili hakukubali.

Sasa na tuangalie aibu inayotupata sisi wafuasi, kwani si wakubwa peke yao wenye taksiri. Katika miaka ya 1950 mwanachuoni mmoja wa elimu ya nafsi, Solomon Asch, mzaliwa wa Poland aliyekuwa akifundisha katika chuo cha Swarthmore huko Marekani, alieneza habari za majaribio aliyoyafanya kwa vijana wa vyuo. Aliwaketisha pamoja, akawaonyesha kadi yenye mstari mmoja, kisha kadi ya pili yenye mistari mitatu, akawauliza mmoja mmoja, kwa sauti ya kusikika, ni upi katika mitatu unaolingana na ule wa kwanza. Tofauti ilikuwa dhahiri kwa kila mwenye macho. Lakini wote waliokuwamo, isipokuwa mmoja, walikuwa wamekwisha agizwa kwa siri watoe jibu lile lile la uongo, na yule mmoja asiyejua aliwekwa ajibu karibu na mwisho, baada ya kuwasikia wenziwe. Katika maswali hayo ya hila, yapata thuluthi ya majibu ya wale wasiojua yalifuata kosa la wengi; watatu katika kila wanne walifuata japo mara moja, na mmoja katika wanne hakuyumba hata kidogo. Walipoulizwa baadaye, wako waliosema kuwa waliliona kosa waziwazi, ila hawakupenda kujitenga na watu. Na wako walioanza kuyatilia shaka macho yao wenyewe.

Mimi siwacheki vijana wale, kwa sababu haya ni pambo la mtu, na jamii isiyokuwa na watu wenye kuona soni haikaliki. Lakini jaribio hilo lina sehemu ya pili ambayo naiona kuwa ni bora kuliko ya kwanza: alipoagizwa mmoja tu miongoni mwa wale waliopangwa aseme kweli, basi kufuata kosa kulipungua sana, ijapokuwa waliobaki wote walishikilia uongo wao. Sauti moja ilitosha kumrudishia mwenzake macho yake. Ndiyo maana ile Subhanallah ya mtu mmoja katika safu haimzindui imamu peke yake, bali huwaamsha na wengine waliokuwa wameona wakanyamaza, kila mmoja akidhani kuwa ni yeye tu aliyeona.

Nasi twayaona hayo vikaoni mwetu. Jamaa hukutana kupanga arusi, mzee akakadiria mchango ambao nusu ya waliohudhuria hawana uwezo nao, na wote wakaitikia, "Sawa, mzee," wakainua mikono kwa dua, wakatoka. Kisha jioni, barazani, kahawa ikipitishwa, kila mmoja hudai kuwa tangu mwanzo aliona kuwa jambo lile haliwezekani. Siku ya kutoa fedha ikifika, wanaotoa ni wachache, na lawama zote humwangukia mzee. Mtu huyu aliyenyamaza kikaoni akasema barazani hakumfuata mkubwa wake. Amemhini, kwa kuwa alimnyima jambo moja ambalo mwenye kuongoza hana njia ya kulipata ila kwa wafuasi wake, nalo ni habari ya kweli. Wala adabu haikumzuia. Angaliweza kusema, "Shikamoo, baba mkubwa, kwa idhini yako nina neno, kadiri hiyo wengine wetu hatutaifikia, na twachelea kukuaibisha mbele ya wakwe." Sijapata kumwona mzee mwenye akili akighadhibika kwa neno lililosemwa namna hiyo, na nimewaona wengi wakighadhibika, kwa haki, walipogundua kuwa walikuwa wakiitikiwa kwa midomo mitupu.

Basi nakuombeni, wasomaji wangu, wake kwa waume, katika kikao cha kwanza mtakachohudhuria baada ya kuyasoma haya, kiwe cha ukoo, cha chama au cha kazini, mkiona kosa mlitaje papo hapo, mbele ya mwenyewe, kwa upole na kwa idhini, kabla watu hawajainuka kwenda zao. Na mkisha kulitaja likasikilizwa, kisha likaamuliwa jambo lililo halali ambalo si lile mlilolipenda, lifuateni kwa nia safi. Juma lijalo, inshallah, tutaeleza habari za mtu anayesukumwa kuongoza ilhali mwenyewe hataki, na haki zake juu ya wale waliomsukuma.